Kitunga cha Punje Mbovu

Mimi ni mtu wa mashaka, sitaficha. Ukinisalimu kwa furaha nyingi, nitajiuliza unataka nini. Mume wangu alilijua hilo alipokuja kunichumbia kijijini kwetu Miti, na bado akanioa, kwa hiyo asilalamike.

Tulikaa mtaa wa Kadutu, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji. Yeye alikuwa fundi wa mbao kwenye karakana kubwa, atelye tulivyoiita, mimi nilichambua kahawa kwenye hangari, ghala la mfanyabiashara mmoja. Siku moja watu wa hospitali walifika atelye, wakatoa damu ya kila mfanyakazi. Baada ya wiki mume wangu alirudi nyumbani na karatasi yenye alama nyekundu. Kaswende.

"Sijafanya kitu," akasema, hata viatu hajavua.

Eh! Hajafanya kitu! Na ile alama imeshuka kutoka mbinguni?

Kesho yake nilimwendea munganga wa hospitali aliyewapima, nikamuuliza hicho kipimo chake kinakosea mara ngapi. Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Maman, kwa watu mia moja wenye damu safi, itakosea watatu tu. Na mugonjwa haimukosake hata mumoja." Akaongeza kwamba nisiogope, ugonjwa wenyewe haujaenea, kwenye atelye nzima wagonjwa wa kweli labda wanafika watano. Hayo ya mwisho niliyasikia kwa sikio moja tu.

Njiani nilipiga hesabu. Kinakosea watatu kwa mia, basi kinasema kweli tisini na saba. Kwa hiyo mume wangu alikuwa mwongo mara tisini na saba kwa mia, na zile tatu zilizobaki sikuwa na haja nazo.

Nikamtandikia mkeka alale salon, chumba cha wageni. Nikaanza kunusa mashati yake. Nilikumbuka kwamba miezi miwili nyuma walimtuma Mwenga kutengeneza daraja, akakaa huko siku kumi na nne. Nani alikupikia? "Papa mumoja wa kule." Papa gani? Alikupikia nini? Jumatatu akasema majani ya sombe, Alhamisi akasema maharage, nami nikaona nimemkamata. Alipoapa mbele ya Bikira Maria ukutani, nilimwambia amwache Maria wa watu apumzike. Nikatuma habari Miti: kaka zangu waje Jumamosi wanichukue, mimi na mtoto wetu na sufuria zangu.

Ijumaa niliongea kazini. Kwenye safu yetu kulikuwa na mama mmoja mjane, mzee wetu wa uchambuzi, ambaye alikagua kazi yetu kabla ya magunia kushonwa. Nilimweleza yote, hata ile hesabu ya tisini na saba. Hakusema pole. Alivuta kitunga changu, kile nilichotupia punje mbovu, akakimwaga kwenye mkeka.

"Hesabu. Mbovu huku, nzuri huku."

Nilihesabu. Ayi! Punje nzuri zilikuwa nyingi kuliko mbovu, karibu mara tatu. Mimi, ambaye hangari nzima walinisifu kwa macho makali! Nilimgeukia jirani yangu, nikamwuliza kwa nini amenimwagia kahawa nzuri kitungani. Yule mama mzee akacheka mpaka akashika kiuno. Akaniwekea fungu jipya, akasimama juu ya kichwa changu mpaka nikamaliza, tukamwaga tena. Yale yale.

"Hakuna aliyekuloga, binti yangu. Macho yako iko mazuri. Mbovu kwa gunia ni kidogo sana, nzuri ndiyo imejaa. Ukikosea kidogo tu kwa nzuri, ile kidogo inapita mbovu zote. Sasa kule kwa bwana yako wako wangapi?"

"Mia sita."

"Kila mia yule munganga anakosea watatu."

"Kumi na wanane," nikasema.

"Na wagonjwa wa kweli?"

"Watano."

"Basi katika hicho kitunga chao iko watu ishirini na watatu. Wewe bwana yako unamuweka upande gani?"

Niliona aibu, tena nilikasirika, kwa sababu munganga hakunidanganya hata neno moja. Nilishika wale watatu kwa mia, nikasahau mia zenyewe. Halafu, tabia ni tabia, nikajiuliza kama mume wangu hakumpitia huyu mama kwanza akampanga.

"Punje za kitunga tunafanyaka nini?" akauliza.

"Tunazichambua mara ya pili."

"Ee. Sasa rudi nyumbani."

Kaka zangu walipofika niliwapa chai, nikawaambia wangoje kidogo. Mume wangu akapimwa tena. Safi. Munganga akasema labda malaria ndiyo iliyochafua damu mara ya kwanza. Nilifurahi, lakini mkeka wa salon sikuuondoa. Sasa nilishuku kipimo cha pili.

Mwezi uliofuata wakaita wake wa wafanyakazi. Nilikwenda kichwa juu, mimi ambaye sijawahi kumjua mwanamume mwingine. Karatasi yangu ikarudi na alama nyekundu.

Nilipanda Kadutu nikipanga maneno ya kujitetea, na yote yalisikika kama uongo. Mume wangu alikuwa mlangoni akipiga randa mguu wa kiti. Alifuta mikono, akasoma karatasi, akaikunja. Nilisimama pale nikingoja swali nililomtesa nalo: ni nani?

"Kesho tutaenda pamoja, warudilie kipimo," akasema. Halafu akaniangalia. "Umekula?"

Nililia pale pale mlangoni, majirani wakiona. Kisha nikaingia salon, nikaukunja ule mkeka kwa mikono yangu.

Damu yangu ya pili ilitoka safi, lakini siku ile hakuna kati yetu aliyejua. Tuliishi pamoja miaka thelathini na mmoja baada ya hapo. Lile swali, kwa mashaka yangu haya, nililingoja mpaka siku tuliyomzika. Hakuniuliza.