Babu Hakuitikia

Juzi rafiki yangu alinitumia picha kwenye simu: magofu ya Wagiriki wa kale, nguzo nyeupe kando ya bahari, na njia fupi ya kutembea kwa miguu. Picha haina harufu, lakini mimi nilisikia harufu ya majani mabichi yaliyokanyagwa na ng'ombe, kule ziwani Basotu. Ngoja niwasimulie.

Picha kama hiyo niliiona mara ya kwanza kwenye kitabu cha shule, Mbulu, nilikolelewa na mama kwa wajomba zangu. Baba alifariki nikiwa mdogo mno kumkumbuka. Kwao ni Basotu, kwa wafugaji, na sikuwa nimewahi kufika. Likizo moja shangazi, dada yake baba, alikuja kunichukua. Alisema tutatembea kando ya ziwa kumwona babu, mtu wa kale.

Mama akaninyoosha kola. "Umsalimie babu vizuri, akukubali."

Je, asiponikubali? Ndani ya basi nilirudia shikamoo kimoyomoyo mpaka ikapoteza maana.

Tukalala kwa shangazi, kesho yake tukaondoka kwa miguu. Njia ilikuwa rahisi, tambarare, maji upande huu na ngano upande ule. Kichwani nilikuwa nimeshamjengea babu nyumba ya nguzo nyeupe, kama ile ya kitabuni. Tukawakuta akina mama wakianika samaki, wakauliza mimi ni nani.

"Mgeni wangu," shangazi akajibu.

Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na kichuguu kikubwa cha udongo, kirefu kuliko shangazi, kimeota nyasi. Nikazunguka nyuma kutafuta mlango.

"Babu yako yumo humu," shangazi akasema. "Alizikwa hujazaliwa. Wazee wa heshima tunawajengea hivi. Haya, msalimie."

Nilichanganyikiwa. Mama alisema nimsalimie babu anikubali, hakusema amekufa. Nikainamisha kichwa. "Shikamoo, babu."

Kimya. Ng'ombe akakohoa huko. Kwetu Mbulu mzee asipoitikia shikamoo, jua una kesi. Nikarudia kwa sauti kubwa, nikidhani labda udongo ni mzito. Kimya. Shangazi akang'oa nyasi mbichi, akanipa nusu, tukaziweka kwa heshima kwenye kitako cha kaburi.

"Tayari. Twende."

Tayari nini? Nikaangua kilio.

"Unalia nini tena?"

"Babu amenikataa."

"Amekukataa saa ngapi, wewe?" Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akanifuta kamasi kwa pindo la kanga. Hakueleza zaidi.

Nilirudi nimenuna, soksi zimejaa miiba. Wale akina mama walipotuona wakatania, "Mgeni wako kachoka?"

"Mgeni yupi?" shangazi akasema. "Huyu ni mtoto wetu."

Mmoja akaacha samaki wake, akaja kunishika kichwa kwa mikono yote miwili. Mikono ilinuka samaki. Mimi nilizidi kuchanganyikiwa: asubuhi mgeni, mchana mtoto wao, na shangazi hakuona haja ya kueleza. Nikadhani ni usahaulifu wa watu wazima.

Miaka mingi ilipita ndipo nikaelewa, na nilipoelewa nilisikia uchungu na furaha pamoja. Njia nzima nilinuna kwa sababu babu hakuitikia. Kumbe marahaba yangu ilishatoka, kwa mdomo wa shangazi, pale kwenye samaki, na mimi nilikuwa nimeinama nang'oa miiba.