Vumbi la Njia ya Tunduma

Aliyeninyima kazi ya utarishi bomani alikuwa jirani yangu pale Izia, na alininyima kwa maneno matatu tu: "Huyu ana kifua."

Siku hiyo sote wawili tuliitwa mbele ya karani mkuu, nami nilikwenda moja kwa moja kutoka kupura ulezi. Upumbavu wangu, nakubali. Kila Mfipa anajua makapi ya ulezi yanavyokwangua koo. Unakohoa siku mbili, unapona. Karani alikuwa mtu wa pwani, hakujua. Jirani yangu alijua sana, maana asubuhi ileile tulipura pamoja kwa mjomba wangu, ila yeye alijifunga kitambaa puani. Nilipoanza kukohoa akamnong'oneza karani, tena kwa sauti ya kunihurumia. Akapewa sare ya kaki. Tangu hapo kila alipopita kwetu na baiskeli ya serikali alinipigia kengele.

Basi Bwana Shauri, mkuu wa boma, alipotangaza mashindano ya baiskeli, kutoka bomani hadi Tunduma na kurudi, siku tatu, nilijiandikisha kabla hajamaliza kusema. Zawadi sikuiuliza. Nilitaka karani akione kifua changu, na jirani yangu awepo.

Niliazima baiskeli kwa mzee mmoja mwenye duka mjini, nikaanza mazoezi kwa kuyakomaza makalio. Mashamba yetu yalikuwa yamejaa matuta ya mviringo, yale tunayofukia nyasi ndani zioze, na kiangazi yalikuwa yamekauka kabisa. Nikapita juu yake na baiskeli, tuta kwa tuta, mama akinitazama kutoka mlangoni na mwiko mkononi.

"Mwanangu, umerogwa?"

"Hapana, mama. Najifunza kukaa."

Malengelenge yakatoka, yakapasuka, nikapaka mafuta ya kondoo, nikarudi kwenye matuta. Alfajiri za baridi niliendesha bila shati mpaka vidole vikashindwa kubana breki. Nilikula ugali uliolala huku nikikanyaga pedali. Nilishuka hadi Milepa bondeni, nikapanda mlima nikiisukuma baiskeli. Kila palipouma nilimtaja jirani yangu kwa jina, na maumivu yakavumilika.

Vumbi ndilo nililoliandalia zaidi. Nilikwenda kupura ulezi kwa kila mtu, hata nisikoalikwa, nimefunga pua kwa kitambaa kilicholowa, nikajizoeza kuvuta pumzi taratibu.

Siku ya tatu ya mashindano, tukirudi, tulibaki wawili mbele, mimi na jirani yangu, aliyeshindana kwa baiskeli yake ya serikali. Tulipopita Kaengesa barabara ikawa vumbi laini kama unga. Ningeweza kumwacha. Sikumwacha. Nilikaa hatua chache mbele yake, upande unakotoka upepo, nikipita palipo na vumbi jingi. Akihamia kulia, nami nahamia kulia.

"Ndugu yangu, nipishe basi! Linaniua hili."

"Pole, ndugu. Utapona siku mbili tu."

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Sijawahi kufurahi vile hata siku ya harusi yangu.

Nilifika bomani wa kwanza, nikasimama kando ya karani nimefunga mdomo, napumua kwa pua. Jirani yangu alifika akaanguka na baiskeli yake, akakohoa mpaka akaushika mlingoti wa bendera ili ainuke. Karani akanigeukia.

"Ana nini huyu?"

Jibu hilo nilikuwa nimelitayarisha kuliko makalio yangu. Nikalitoa kwa sauti ya huruma, kama alivyolitoa yeye.

"Ana kifua, bwana."

Alinitazama kutoka pale chini. Kukanusha hakuweza, kikohozi hakikumpa nafasi.

Mwezi uliofuata nikapewa sare yake. Kiwiko cha kushoto kilikuwa na kiraka alichoshona mkewe, kwa mshono mdogo mdogo wa mtu mwangalifu. Asubuhi ya kwanza nilipita kwao, mke yule anafagia uwanja. Akainua uso, akakitazama kiraka chake kwenye mkono wangu, akainama tena kufagia.

Nikapiga kengele.