Nilivyokwenda Meru Kumtoa Ndugu Yangu Aliyeitwa Mrusi

Nilitoka Kianjokoma kwenda Meru kwa sababu ya maneno ambayo ndugu yangu, Njeru wa Nthiga, aliyasema sokoni mchana, watu wakisikia. Ulikuwa ule mwaka wa mitaro. Nyumba zetu za mashambani zilikuwa zimechomwa, tukajazwa katika kijiji kimoja chenye uzio wa miti iliyochongwa, na sisi wanawake tukawa tunachimbishwa handaki tangu asubuhi. Njeru hakuwa mpiganaji wa msituni. Alikuwa fundi wa nguo. Alikwenda vita ya Burma akarudi na mguu mbovu na mazoea ya kusoma. Sukari tukinunua kwa Mhindi ikifungwa katika kipande cha gazeti, yeye humwaga sukari kwenye bakuli kwanza, anyooshe lile gazeti, asome mpaka kona.

Siku hiyo ya soko lilikuja gari la serikali lenye kipaza sauti. Ubavuni walitundika picha kubwa za moshi uliosimama kama uyoga, mkubwa kuliko mlima. Msemaji akatuambia: "Hii ndiyo nguvu ya Mwingereza na rafiki yake Mwamerika. Bomu moja, mji wote umekwisha. Nyinyi na mapanga yenu mnapigana na nani?"

Njeru alikuwa kwenye cherehani yake, uzi mdomoni. Akautoa akauliza, "Mbona la Mrusi hamkulileta? Naye analo. Waacheni wapigane wao kwa wao, sisi tupumzike."

Soko lote likacheka. Hata homgadi mmoja, askari wa serikali wa kulinda kijiji, jina lake Nyaga, alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Siku ya tatu wakaja kumchukua Njeru, na Nyaga akiwa mmoja wao, sasa hacheki.

Miezi minane hatukujua aliko. Halafu tukapata habari kwamba kambi za Embu zimejaa, amepelekwa Meru, na huko anachujwa, yaani anaketishwa mbele ya wazee na afisa mzungu, anaulizwa maswali yale yale kila wiki. Mtu aliyefunikwa gunia, macho tu ndiyo yanaonekana, alikuwa amemnyooshea kidole. Jina la mtu huyo nalijua. Silitaji, watoto wake ni majirani.

Mke wa Njeru, Wawira, alikuwa na mimba kubwa. Kwa hiyo nikaenda mimi. Na nilikuwa na sababu nyingine ya kwenda: tuliambiwa kwamba mkalimani wa ile kambi ni M'Ikiara wa Nkubu. Huyo alikuwa gichiaro wetu.

Nyinyi wa siku hizi mnalisikia neno hilo kama hadithi, acha nieleze. Babu zetu na babu za M'Ikiara walichanja ngozi, wakalambana damu, wakaapa. Tangu siku ile ukoo wetu na wao ni gichiaro. Baba yetu Nthiga alitufundisha sheria mbili tu: gichiaro hanyimwi, na gichiaro hadanganywi. Akikuomba ng'ombe wako wa mwisho, unafungua zizi. Akikuuliza jambo, unasema lilivyo. Ukivunja, utazika watoto. Nilikuwa nimeona mtu aliyevunja. Sikuhitaji kuhubiriwa.

Asubuhi ya kuondoka nilipanga foleni ya pasi ya kusafiria katika ofisi ya Manyatta. Nyaga ndiye alikuwa mlangoni.

"Dada ya Mrusi," akasema, "unaenda Urusi kwa miguu?"

"Naenda Meru kwa gichiaro wetu. Wewe ukifika Urusi kabla yangu, niwekee kiti."

Wanawake wakaguna kwa kicheko. Karani, kijana mmoja jina lake Erasto, akanigongea muhuri wa siku nne bila kuinua macho. Mpaka leo namshukuru, maana angeweza kuandika siku mbili.

Embu mjini nilipata lori la Bwana Abdalla, mfanyabiashara Mwislamu wa Meru, aliyekuwa akirudi na chumvi na marobota ya nguo. Aliwahi kumpa Njeru kanzu zake azishone, akaniambia niketi mbele. Nilikuwa na kiondo cha ndizi mbivu na kibuyu cha uji wa wimbi, zawadi ya gichiaro. Sikuthubutu kukiweka chini, nilikipakata kama mtoto.

Kutoka Runyenjes barabara inashuka na kupanda, mto baada ya mto. Nje niliona vijiji kama chetu, vyote na mitaro, vyote na mnara wa askari. Kwenye daraja la Thuci, mpaka wa Embu na Meru, tulisimamishwa. Askari walidunga magunia ya chumvi kwa vyuma kukagua. Mmoja akafungua kibuyu changu, akanusa, akakoroga kwa kijiti cha kutoka chini. Nilitaka kulia. Uji wa gichiaro haukorogwi na mtu mwingine.

Tulivuka, Bwana Abdalla akaendesha mpaka Chuka. Alikuwa na redio kubwa nyumbani, akijua habari za mbali. Nikamwuliza, "Bwana Abdalla, huyu Mrusi ni nani hata ndugu yangu afungwe kwa ajili yake?"

"Mama, mimi mwenyewe sijapata kumwona. Sikiliza. Dunia sasa ina majirani wawili wenye bunduki. Kila mmoja anaogopa kufumba macho. Mtoto akikohoa uani, wote wawili wanaruka."

"Sisi ndio mtoto?"

"Nyinyi ndio kikohozi." Akageuza gia. "Hawa wakubwa wa Nairobi wakisema watu wanapigania mashamba, huko ng'ambo wataulizwa, basi kwa nini msiwape? Lakini wakisema ni mkono wa Mrusi, hakuna swali, wanasaidiwa. Kwa hiyo wanamtafuta Mrusi nchi nzima, na hayupo. Wamepata fundi wa nguo."

Nikasema Mungu atusaidie. Akasema amina.

Nkubu tulifika jua likielekea kuzama. Nyumba ya M'Ikiara ilikuwa ya mabati, na miti michache ya kahawa aliyoruhusiwa kupanda kwa utumishi wake. Mkewe, Kathure, alinipokea kibuyu kwa mikono miwili. Nikamwambia ukweli, kwamba askari ameukoroga. Akatazamana na mumewe, kisha akaumimina ule uji chini ya mgomba, akaniletea wa kwake.

M'Ikiara alikuwa mtu mnene, mpole, koti la kaki limembana. Alipokuwa mtoto alikula kwetu; mama yangu alikuwa akimkatia kiazi kikuu kabla ya kutukatia sisi.

"Igoki wa Nthiga," akaniita kwa jina langu na la baba. "Umekuja kuomba."

"Nimekuja. Naomba umsemee Njeru kwa afisa."

"Nitamsemea." Hakungoja hata nimalize kuvuta pumzi. "Kesho asubuhi nitasimama nimsemee. Sasa na mimi nakuuliza. Maneno yale ya sokoni, ya bomu la Mrusi, aliyasema?"

Kathure aliacha kukoroga sufuria. Nakumbuka hilo. Wakati ule nilidhani ni heshima tu.

"Aliyasema," nikajibu. "Nilikuwa nimesimama karibu naye, nina chungu cha maharagwe kichwani." Nikamweleza yote, pamoja na uzi mdomoni, pamoja na kicheko. Nilimweleza vizuri, kama mtu anayemvisha ndugu yake nguo safi, ili aone kuwa ulikuwa mzaha.

M'Ikiara akauliza, "Una ombi lingine?"

"Hapana. Hilo tu."

"Hilo tu," akarudia, akatazama moto.

Nililala vizuri. Hiyo ndiyo aibu yangu, kwamba nililala vizuri.

Asubuhi tulikwenda kambini, nje ya Meru mjini. Nilibaki kwenye seng'enge pamoja na wanawake wengine, kila mmoja na kifurushi. Baridi ya mlima ilikuwa inauma vidole. Nilimwona Njeru akipitishwa uwanjani kwenda kwenye banda la kuchujia. Amekonda, kaptura imefungwa kwa kamba, na ule mguu akiuvuta. Fundi wa nguo, na kaptura yake haina hata kifungo! Nikapiga kelele, "Njeru!" Akageuka, akanitafuta kwa macho, akanipungia mkono kama mtu aliye safarini kwa furaha.

Saa nne hivi M'Ikiara akatoka. Hakuja moja kwa moja. Alizunguka banda lote kwanza. Aliponifikia akavua kofia.

"Anapelekwa kisiwani, ziwani huko mbali. Pamoja na wale wasiorudishwa."

Nikamwambia, "Ulisema utamsemea."

"Nimemsemea. Nimesema ni mtu mwema, mzee wake namjua, mama yake alinilisha. Afisa akanisikiliza. Kisha akaniuliza: huyo dada yake aliyekuja, anasemaje? Je, ndugu yake alitamka au hakutamka?"

"Ukamwambia?"

"Neno la gichiaro silipindi, Igoki. Nililibeba kama ulivyonipa."

Halafu akanieleza yaliyobaki, na kila neno lilinipunguza. Miezi minane Njeru alikuwa amekana. Kila wiki wanamwuliza, kila wiki anasema, sikusema, nilikuwa na uzi mdomoni, mtu mwenye uzi mdomoni anasemaje? Hata wazee walikuwa wanacheka. Na mtu wa gunia alikuwa mmoja tu. Afisa alitaka mdomo wa pili, hakuupata: wenye gari hawakusikia kwa kelele za kipaza sauti, na kila aliyecheka sokoni, hata Nyaga, alikana asije akaulizwa kwa nini alicheka. Wiki ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Wasingepata kitu, wangemrudisha nyumbani.

"Alipoambiwa kwamba ni wewe umesema," akaendelea M'Ikiara, "alisema, kama Igoki amesema, basi nilisema."

Nikashika ile seng'enge. Nikamwuliza kama hakuna utakaso. Watu waliokula kiapo cha msituni walikuwa wanatakaswa kwa mbuzi, wanatapishwa kiapo mbele ya wazee, wengine wanaachiliwa.

"Nilimwuliza afisa hivyo hivyo. Akasema kiapo chenu tuna dawa yake. Hiki cha Mrusi si kiapo. Hakina mbuzi."

Wanawake wengine walikuwa wamesogea mbali kidogo, jinsi watu wanavyosogea penye msiba. Nikamwuliza swali la mwisho. "M'Ikiara, kama jana ningekuomba umwambie afisa kwamba Njeru hakusema, ungefanyaje?"

"Ningemwambia hakusema. Gichiaro hanyimwi. Hata kama wangenifunga."

"Mbona hukunifundisha kuomba hivyo? Nilikuwa nimeketi mbele yako!"

Nilimwona akitafuta njia ya kupita, na njia haikuwepo. Alikuwa hawezi kunidanganya.

"Kwa sababu niliogopa," akasema. "Mtu aliyemficha Mrusi, naye ni Mrusi. Nilikuuliza kama una ombi lingine, nikawa natumaini huna."

Siku ya tatu nilirudi. Bwana Abdalla alikuwa na safari ya Embu, akanichukua. Mito ile ile, daraja lile lile. Kwenye kizuizi cha Thuci yule askari alinikumbuka, akauliza uji uko wapi. Nikamwambia umemwagwa. Kianjokoma nilimkuta Wawira ameketi kwenye cherehani, hashoni kitu, anaisukuma tu kwa mguu ili isishike kutu. Alijifungua wiki ile, mtoto wa kiume. Njeru hakumwona. Alifia kisiwani mwaka wa pili, kwa kuhara, tukaletewa karatasi.

Kuna jambo sikulisema hapo nyuma. Pale kwenye seng'enge, M'Ikiara alilia, akaniambia, "Igoki, niombe kitu kingine. Chochote. Shamba la kahawa, ng'ombe, chukua." Nilikuwa nimejifunza kuomba, ingawa nimechelewa. Safari hii niliyapanga maneno moja moja, nisiache ufa. Nikamwambia: "Naomba wewe, na watoto wako, na watoto wao, msikanyage Kianjokoma, msile kwetu, msizike kwetu, na sisi tusizike kwenu."

Hakukataa. Hakuruhusiwa kukataa. Damu waliyolambana babu zetu kabla hata reli haijafika nchi hii, mimi niliimaliza pale, kwa sababu ya watu wawili wakubwa wasiojua Kianjokoma iko wapi.

Uhuru ulikuja. Nikadhani neno lile la Mrusi limeondoka na wazungu. Miaka haikuwa mingi, nikalisikia redioni kwa jina jipya: fulani ni mkomunisti, amewekwa ndani. Sauti ilikuwa ya mtu wetu, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Nikaizima redio. Wawira akaniuliza kwa nini nimezima, nikasema betri zimekwisha.

Mwaka M'Ikiara alipokufa, Kathure alinitumia mtu na kibuyu cha uji wa wimbi. Yule mtu alisimama nje ya kijiji, ng'ambo ya mahali mtaro ulipokuwa, akakiweka chini, akarudi alikotoka bila kuvuka. Bado walikuwa wanashika ombi langu. Nilikiendea, nikakifungua. Haukuwa umekorogwa na mtu. Nikaketi kando yake mpaka ukapoa, na sikuunywa, na sikuumwaga.