Mgeni wa Nanga ya Tatu

Ngo, ngo, ngo. Kabla sijaona chochote, nilisikia mtu akibisha hodi chini ya miguu yangu. Chini ya miguu yangu palikuwa na sakafu ya boti, na chini ya sakafu palikuwa na bahari tu. Cheka ukitaka. Nilikuwepo, tena nilikuwa macho, na jua la adhuhuri lilikuwa utosini.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nje ya miamba ya Gazi. Wahandisi wageni walitaka kuweka boya kubwa la kupima nguvu za mawimbi, wajue kama bahari yetu ingeweza kutoa umeme. Kazi yetu ilikuwa kulifunga boya hilo kwa nanga. Mara mbili tuliishusha. Mara mbili, boti ilipoivuta kuijaribu, iliburuzika juu ya mwamba. Ikishindwa mara ya tatu, walisema, boya lingepelekwa nchi nyingine. Nami, mpiga mbizi wao, ningerudi hotelini Diani kuwachezea watalii nikiwa nimevaa manyoya ya kuku. Kazi hiyo naijua. Afadhali papa.

Basi tulikuwa tunakula kibandani mwa boti: mimi, nahodha Bakari, na Mutua, fundi wa minyororo kutoka Kitui. Ndipo ngo, ngo, ngo.

"Karibu!" akaitikia Bakari, mdomo umejaa wali.

Ni mazoea tu. Kwetu pwani anayebisha hodi huitikiwa. Nani husimama kwanza kuuliza anabisha kutoka wapi?

Mlango wa kibanda ukafunguka, akaingia bibi mmoja mwenye kanga mbili safi, kavu kabisa. Nchi kavu ilikuwa mbali, na hapakuwa na hata mtumbwi karibu.

"Shikamoo, bibi," nikasema. Adabu ni adabu.

"Marahaba, mwanangu. Nina neno nanyi."

"Neno halikimbii," akasema Bakari, ambaye hajawahi kumwacha mgeni aeleze shida yake akiwa na njaa. "Keti kwanza, ule."

Mutua akajifanya ameangusha kijiko, akainama chini ya meza. "Hana kwato, msee," akaninong'oneza. "Ana hina."

"Na masikio pia ninayo," akasema bibi. Tukacheka wote. Ungejizuia wewe?

Wallahi alikula! Akasifu nazi, akaongezwa, akaongezwa tena. Kisha akashusha pumzi.

"Mmeniweza nyinyi. Nilikuja kuwafukuza. Mara mbili mmekitupa kile chuma juu ya paa langu, wajukuu wanalia. Sasa nimekula kwenu, nitawafukuzaje?" Akanyoosha kidole dirishani. "Sogeeni kule maji yanakokuwa meusi. Mchanga wa huko una kina, na hakai mtu."

Tukasogea, yeye ameketi vilevile, tukaishusha nanga. Bakari akatia injini moto. Mnyororo ukakaza, ukalia, boti nzima ikatetemeka, isisogee hata shubiri. Imeshika! Mutua akanikumbatia, tukarukaruka kama watoto wa chuo cha Kurani siku ya Idi, na bibi akapiga vigelegele mpaka vioo vikaitika.

Boya lilikaa pale hadi wageni walipomaliza vipimo vyao. Umeme wa mawimbi bado hatujauona, hilo nalo ni kweli. Lakini mimi nimebaki na changu: mkono wa kulia, niliompa bibi wakati wa kuagana, mpaka leo una baridi na unyevu wa maji ya chumvi. Joto la Januari likizidi, mke wangu huuchukua akauweka shingoni mwake. Huamini? Njoo Gazi nikupe mkono.

Nawe ukiwa baharini ukasikia hodi kutoka chini, usikimbilie kusema karibu. Na ikiwa umeshasema, nakusihi, pakua chakula kabla hujauliza shida.

Kuondoka kwa bibi nimekuwekea mwisho, kwa kuwa ndiko nikupendako zaidi. Aliufunga wali uliobaki kwenye pindo la kanga kwa ajili ya wajukuu, akatuombea heri, akatoka. Tulingoja kishindo cha maji. Hakikuja. Tulisikia kicheko chake tu, kisha mlango ukafungwa nyuma yake, taratibu.