Lori Lilingoja, Baba Alipaka Girisi

Nikipita mbele ya atelie yoyote ya maseremala hapa Butembo, harufu ya petroli ya taa iliyochanganyika na utomvu wa mbao hunikasirisha papo hapo. Wenzangu harufu za utotoni huwaletea machozi. Mimi huniletea hasira, kwa sababu ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumamosi zangu zote kule Beni.

Baba alikuwa seremala, na mali yake kubwa ilikuwa mashine ya kupasulia mbao: meza nzito ya chuma, msumeno wa duara uliochomoza katikati, na chini yake mkanda wa mpira ulioiunganisha na injini ya mazutu, yaani dizeli. Watoto wa jirani Jumamosi waliteka maji, kisha wakacheza. Sisi tuliteka maji, kisha tukamhudumia yule mgonjwa asiyepona. Kwanza tulifagia vumbi la mbao, mpaka lile lililojificha miguuni mwa meza. Kisha baba alifungua msumeno, akaulaza kwenye beseni ya petroli ya taa, nami nikasugua utomvu jino kwa jino kwa mswaki mkuukuu. Kisha girisi. Mwisho mkanda ulegezwe, maana baba alisema mkanda ukilala umekazwa huamka umevutika. Vidole vyangu vilinuka mpaka misa ya Jumapili, hata nikaona haya kufungua mikono mbele ya padri.

"Vumbi inakunywaka maji," baba alituimbia kila juma, "na maji inazaaka kutu."

Vita vilipofika, mazutu ikakosekana, barabara za msituni zikafungwa, mbao zikaacha kuja. Mashine ikakaa miezi bila kukata hata kijiti. Nilidhani sasa tungepumzika. Wapi! Baba alisema mashine isiyofanya kazi ndiyo inayoharibika upesi, akatuongezea na Jumatano.

Halafu asubuhi moja milio ya bunduki, ambayo tulizoea kuisikia mbali, ikasikika nyuma ya soko. Papa Amisi, jirani yetu mwenye lori, akasema anapanda Butembo saa hiyo hiyo na atabeba majirani. Mama alifunga nguo na sufuria, akawapandisha wadogo zangu. Uso wake ulikuwa umekauka. Alizaliwa Kamango, akakimbizwa huko akiwa msichana mdogo, na wazazi wake walimwambia wanaondoka kwa siku chache tu. Walikufa bila kurudi. Tangu risasi za kwanza mama alikuwa akisema kwamba Beni nayo sasa itakuwa Kamango.

Watu wote walikuwa juu ya lori isipokuwa baba. Nikatumwa kumwita. Jamani, nilimkuta amepiga magoti, anafagia chini ya mashine. Nilimwambia wanajeshi wamefika sokoni. Akanijibu kwamba haraka haraka haina baraka, akaninyooshea kitambaa. Huko nje Papa Amisi alikuwa akipiga honi bila kuachia. Nilitamani kulia, nilitamani kumvuta masikio, baba yangu mzazi, Mungu anisamehe. Lakini niliona hatatoka mpaka amalize, basi nikachukua kitambaa nikaipaka naye ile meza girisi kwa ghadhabu, kama mtu anayeua nyoka. Yeye alikwisha kuufunga msumeno ndani ya gunia. Akainama, akalegeza mkanda, akaubonyeza kwa kidole kuona kama umelegea sawasawa. Ndipo tukakimbia.

Juu ya lori watu walimtukana waziwazi. Nilimgeukia mama nikingoja zamu yake, maana mama hakuwa mtu wa kumeza neno. Alikuwa akiitazama mikono ya baba, myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Papa Masika," alimwambia, akimwita kwa jina langu mimi mkubwa kama alivyozoea, "mukanda uliuregeza?"

"Niliuregeza."

Mama akasogea, akampa nafasi ya kukaa. Kisha akashika ncha ya kitenge chake akaanza kumpangusa vidole. Nikasema moyoni, basi, sasa wenye wazimu wamekuwa wawili.

Tulikaa Butembo kwa mama mkubwa, tumebanana, mpaka bunduki ziliponyamaza. Tuliporudi Beni, mashine haikuwapo. Wezi waliikuta imefagiliwa, imepakwa girisi, mkanda umelegezwa, tayari kwa safari! Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, nilikuwa nazikumbuka Jumamosi zangu. Mama hakuuliza lolote juu ya mashine. Alifungua mlango wa nyumba yake, akaketi sakafuni, akalia kwa furaha, na hatukuweza kumnyamazisha.

Miaka mingi baadaye ilibidi nami niikimbie nyumba yangu, huko huko Beni. Pikipiki ilikuwa mlangoni, inanguruma. Binti yangu mkubwa aliingia kunifuata, akanikuta jikoni nasugua sufuria kwa majivu. Alinipigia kelele kwamba nina wazimu, na alikuwa na haki yake. Ndipo nikamwelewa baba. Mkanda hulegezwa kwenye mashine itakayowashwa tena. Angemwambia mama kwamba tutarudi, mama asingeamini, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa Kamango. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo mama angeweza kumwuliza kama limefanyika, naye akajibu ndiyo.

Dereva wa pikipiki alikuwa anaita. Nilisuuza sufuria ya mwisho, nikazipanga zote kifudifudi ili zikauke vizuri, ndipo nikatoka.