Vigae vya Mama na Hadubini ya Shule

Miaka ya sabini, nikiwa mwalimu mpya wa sayansi Iringa, nilikwenda likizo nyumbani Mbalizi na elimu nyingi na busara kidogo. Nilimkuta mama, mfinyanzi, anasaga vigae vya vyungu vilivyovunjika ili achanganye chenga zake kwenye udongo, kama alivyofanya tangu nimjue. Nikamwambia huo ni uchafu. Nikauchekecha udongo kwa khanga hadi ukawa laini kama sembe, nikamwamuru aachane na vigae. Alinisikiliza kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Baadaye ikaja barua ya kaka. Vyungu vimepasuka motoni mara mbili mfululizo, na mama ameacha kufinyanga. Anasema mikono yake imezeeka. Hata kipande chake cha kibuyu cha kulainishia vyungu amempa jirani.

Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda. Nilihisi kosa ni langu, ila kwa mama huendi na neno la "nadhani".

Nikafinyanga vijidonge vya nta ya mishumaa, vidogo kama punje za mtama, nikavijaza kwenye kopo la maziwa kando ya jiko la mkaa. Hivyo ndivyo vilivyokuwa chembe zangu za udongo. Joto lilipovifikia vilishikana pale vilipogusana, kisha vikavutana. Donge zima likanywea, likabanduka kwenye ukuta wa kopo, likapasuka katikati. Nikarudia, safari hii nikichanganya maharage makavu. Maharage, kama vigae vilivyokwisha kuchomwa, hayanywei. Donge likashikana vizuri, bila ufa.

Lakini nta si udongo. Nilikuwa na chungu cha maji alichonipa mama siku nilipopata kazi. Nilikivunja, na roho iliniuma. Nikasugua kigae chake kwenye jiwe la kunolea hadi kikapitisha mwanga, nikakiweka chini ya hadubini ya shule, kwenye lenzi kali kuliko zote. Mle ndani zilikuwemo chenga za vigae vya zamani, zimekaa imara, na udongo mpya umezishika pande zote. Nilicheka peke yangu maabara kama chizi.

Likizo iliyofuata nilimweleza mama yote, kopo la nta mkononi. Alilitazama, kisha akaitazama mikono yake.

"Kwa hiyo hii mikono haijazeeka?"

"Haijazeeka, mama. Kosa ni la mdomo wangu."

Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Alinituma kwa jirani nikalete kile kipande cha kibuyu. Nilikwenda mbio, mtu mzima mimi.

Siku ya kuchoma vyungu vipya, vyenye chenga za vigae, nilishindwa kutazama. Nilikaa nyuma ya nyumba nachambua mboga ambazo hakuna aliyeniomba nichambue, hadi niliposikia anagonga vyungu kwa kidole, kimoja baada ya kingine. Vyote viliitika kwa sauti safi, ya chungu kisicho na ufa. Nikaacha mboga, nikamfuata.

Akanipa kimoja, bado kina uvuguvugu.

"Hiki cha maji. Usikivunje tena, we mwalimu. Ukitaka kujua kilichomo ndani, uniulize."