Divai Nyekundu na Mbavu za Mbuzi

Mwaka niliostaafu ualimu, binti yangu aliniletea chupa ya divai kutoka Voi, ambako anahudumia wageni katika hoteli ya watalii. Haikuwa divai ya kawaida. Alinieleza kwamba ni mchanganyiko wa zabibu nyekundu za aina kadhaa, halafu hutiwa brandi kabla sukari yake haijachacha yote, ndiyo maana ni tamu na ni kali.

"Mama, hii usinywe kama soda," alisema. "Bilauri ndogo, polepole, na chakula kinachoiweza."

Nilikuwa mjane tayari. Marehemu mume wangu alikuwa akinywa mjini na wenzake, nami nikimwekea chakula kwenye hotpoti. Mimi sikuwahi kuonja. Si kwamba sikutaka. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Basi tukaanza majaribio jikoni kwangu Mbololo. Chupa tuliiweka kwenye friji kwanza, maana kwa joto letu ingetuchoma koo. Samaki wa Ziwa Jipe alishindwa kabisa. Divai ilimfunika ikaacha ladha ya chuma mdomoni. Kimanga, yaani mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, kilienda nayo bila ugomvi. Ini lililokaangwa na pilipili manga lilinifumbisha macho. Halafu ndizi mbivu za Taveta, zimekaangwa mpaka kingo zikaiva kahawia. Hizo tulizila zote.

Jumatatu ya Pasaka nilimwalika shemeji yangu, mdogo wa marehemu, pamoja na mkewe. Shemeji ni mzee wa kanisa. Nilichoma mbavu za mbuzi aliyetoka Kishushe, mafuta yakashika moshi vizuri, nikazipanga kwenye sinia. Chupa nikaiweka katikati ya meza. Sikuificha.

"Shemeji, hiyo ni nini?" akauliza.

"Divai. Inapatana sana na mbavu."

"Pombe? Ndani ya nyumba ya kaka yangu?"

"Ni nyumba yangu pia, shemeji. Na mbuzi nimemnunua mimi."

"Wewe ni mjane, ni mama wa kanisa. Watu watasema nini?"

Nilimimina hata hivyo.

"Siku ya mahari ya binti yangu mkubwa," nikamwambia, "mlikunywa mbangara hapo uani mpaka mkaanza kuimba. Pombe ya miwa haina dhambi, ila ya zabibu?"

"Ile ilikuwa mila."

"Na hiki ni chakula cha mchana."

Akasimama. Akamwambia mkewe, "Twende."

Mkewe hakuinuka. Huyo ni mwanamke ambaye miaka yote nimemsikia akisema ndiyo tu. Alikuwa ameshika ubavu kwa vidole viwili, midomo inang'aa mafuta.

"Wacha nimalize nyama," alisema. Kisha akanisogezea bilauri yake ya maji, tupu. "Na mimi nionjeshe kidogo, dada."

Shemeji alitoka akaketi kwenye ngazi za mbele, ametupa mgongo. Sisi tulikula. Mkewe alikunywa, akakohoa, akatafuna nyama, akanywa tena.

"Kumbe ndiyo maana hawataki tujue," akasema, tukacheka hadi akafuta machozi kwa leso.

Habari zilifika kanisani kabla ya Jumapili. Akina mama walinivua uenyekiti wa kikundi chetu, na mchungaji akaniita ofisini.

"Ni kweli ulikunywa?" akaniuliza.

"Ni kweli. Na mbavu za mbuzi. Nitakunywa tena Krismasi."

Akaniambia nimwombe shemeji radhi kwa ajili ya amani. Nikakataa. Kumkaribisha mtu mezani kwangu si kosa, nilimwambia, na kilichokuwa juu ya meza nimekinunua kwa jasho langu.

Uenyekiti sijarudishiwa. Shemeji hajakanyaga kwangu tangu siku ile, na inaniuma, kwa sababu ana sauti ya marehemu. Lakini Jumapili nakaa benchi la mbele, pale pale, naimba kwa nguvu. Nikirudi nyumbani nawasha jiko la makaa, nakata ini vipande vyembamba, namimina bilauri moja, na mlango wa mbele nauacha wazi.